Kumbukumbu za Kikao cha Bajeti

Kazi yangu ni kuandika yaliyosemwa.
Miaka kumi na moja nakaa pembeni ya meza kuu,
kalamu mbili, moja ya akiba,
na ile feni ya ukumbi wa Tononoka ikigeuza shingo
kama shahidi anayekana.

Kitabu cha bajeti kina kurasa mia mbili na kumi.
Nimekichapa mimi.
Neno "wanawake" limo mara mbili:
mara moja jaladani, chini ya picha ya mama anayecheka,
na mara moja ukurasa wa mia na tisini,
"wanawake, vijana, walemavu na makundi mengine,"
wote fungu moja
kama dagaa wa bei ya jioni.

Siku hiyo akina mama waliketi nyuma.
Mbele kulikuwa na viti vitupu
vimebandikwa karatasi: WAGENI.

Akainuka Riziki Mwachiro, muuza nyanya wa Kongowea.
Mkononi risiti, amezitoboa katikati
akazitunga uzi kama asumini.
"Huu ni ushuru wa choo," akasema.
"Shilingi kumi kila ukiingia.
Wanaume wana ukuta wa nyuma, bure.
Mimi nikiwa mwezini naingia mara sita kwa siku.
Nimejumlisha mwaka mzima.
Nauliza tu: kodi hii
inaitwaje kwenye hicho kitabu?"

Watu wakacheka, kisha wakaacha.
Sikujua kicheko kinachokatika hivyo
kinaandikwaje.

Akafuata nesi wa Mtongwe, Mwanakheri,
bado na viatu vya zamu ya usiku.
Pesa za kukarabati wodi ya wazazi
zimepaka rangi lango.
"Tunazalisha kwa tochi ya simu,
lakini lango, mashallah, linang'aa.
Na kamati iliyogawa ni watu tisa, suruali tisa.
Katiba imesema jinsia moja isizidi theluthi mbili.
Theluthi ya tisa ni ngapi?
Mwanangu wa darasa la nne
anajibu bila kuhesabu vidole."

Mwenyekiti akatabasamu. Akasema maoni yamepokelewa,
akasema mila zetu za pwani
zimemheshimu mama tangu jadi.

Hapo ndipo alipoinuka Bi Zuwena wa Kuze,
polepole, buibui lake akilikusanya mkononi.
Hakuomba kipaza sauti.

*Heshima si kutandikwa, chini kama mazulia,*
*Si mafuta ya kupakwa, siku kura mwawania,*
*Fungu letu kuandikwa, wino usiofifia,*
*Na mezani tukiwekwa, si chai kuwatilia.*

Akaketi.
Chai yenyewe ikaingia wakati huohuo,
imebebwa na wasichana wawili
ambao hawakujua kwa nini ukumbi mzima unawatazama.

Mwenyekiti akaniinamia sikioni:
"Weka tu kwamba akina mama walishukuru,
wakawa na maombi machache."

Nilikuwa nimeyaandika maneno hayo mara ngapi?
Mimi ni kaimu karani, mwaka wa saba ukaimu.
Vijana waliothibitishwa kazini
niliwafundisha mimi kuweka nukta.

Usiku, Majengo, mtoto amelala mapajani,
nikachapa:

*Kifungu 4. Riziki Mwachiro aliuliza jina la kodi. Hakujibiwa.*
*Kifungu 5. Mwanakheri aliuliza theluthi ya tisa. Hakujibiwa.*
*Kifungu 6. Bi Zuwena hakuuliza kitu.*
*Kiambatisho: uzi mmoja wa risiti, mia tatu na arobaini.*

Faili likanuka nyanya.
Sasa litaingia kabatini na namba yake,
na mkaguzi akija atalifungua,
na bunge la kaunti likitaka ushahidi
halitasema haukuwahi kuletwa.

Asubuhi nikampelekea mwenyekiti.
Alikuwa kwenye simu.
Akatia sahihi kila ukurasa bila kusoma,
kama kawaida yake.

Miaka kumi na moja nimemlaumu kwa tabia hiyo.